Mwonekano Uliohifadhiwa Utakugandishia Mfumo, Nilishasema

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Ripoti zake zilikuwa nzito, akaziwekea mwonekano uliohifadhiwa (materialized view, yaani matokeo ya hoja yaliyowekwa tayari kama jedwali) kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, zikawa zinafunguka papo hapo. Shida ni kwamba kila anapouhuisha mwonekano huo, ukurasa mzima unaganda. Nilicheka peke yangu. Jambo hilihili niliwahi kulionya kikaoni, nikaambiwa natia watu hofu.

Amri ya kuhuisha mwonekano, REFRESH MATERIALIZED VIEW, haigusi yaliyobadilika tu. Inaendesha hoja yote (swali linaloulizwa hifadhidata) upya, hata kama umeongezeka mstari mmoja, na muda wote huo imeshika kufuli inayozuia hata kusoma.

Kazini kwetu mambo yaliharibika kabla amri hiyo haijaanza kazi. Mtu alifungua muamala (kundi la amri linaloshika kufuli zake mpaka lifungwe), akausoma mwonekano, akaondoka bila kuufunga. Amri ya kuhuisha ikaja, ikamsubiri. Wasomaji wote waliofuata wakapanga foleni nyuma ya amri, ingawa wao kwa wao hawana ugomvi. Prosesa imetulia tuli, simu zinalia! Nikafungua pg_stat_activity, orodha ya wanaotumia hifadhidata na wanachofanya: mbele ya foleni yote kuna muamala mmoja, hali yake "idle in transaction", yaani uko wazi lakini haufanyi kitu. Nikaukata kwa pg_terminate_backend, amri ya kuvunja muunganisho, mfumo ukapumua. Aliyeniita mtia hofu hakusema neno, na mpaka leo hajasema.

Utaambiwa ongeza neno CONCURRENTLY kwenye amri hiyo, ihuishe bila kuzuia wasomaji, iliyokuja na toleo la 9.4. Sawa, kusoma kunaendelea. Lakini inadai indeksi ya kipekee (faharasa isiyoruhusu mistari kujirudia), bado inakokotoa kila kitu, kisha inalinganisha mapya na ya zamani. Mistari mingi ikibadilika, inaweza kuchelewa kuliko amri ya kawaida, na inaacha mistari mfu ambayo vacuum, kazi ya usafi ya PostgreSQL, italazimika kuifagia. Ukipanga ihuishwe kila dakika na yenyewe inakula dakika mbili, umejitafutia.

Ndugu zangu, tuache kuficha hoja mbovu. Soma EXPLAIN ANALYZE kwanza, inayoonyesha hoja inavyoendeshwa na muda unaotumika wapi. Mara nyingi kinachokosekana ni indeksi tu, narudia, indeksi tu. Kama ni jumla za kila siku, tengeneza jedwali la muhtasari na uongeze siku mpya peke yake.

Msomaji wangu, wewe anza na lock_timeout, kikomo cha kusubiri kufuli, ya sekunde chache kabla ya kuhuisha. Amri ikikosa kufuli itajikatia yenyewe, foleni itaendelea, utajaribu tena baadaye. Halafu umtafute huyo anayeacha miamala wazi.