Blanketi la ndege lipo kwa mama mkwe

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza vitenge na mapazia hapa Morogoro mjini. Mwezi wa tatu nilisafiri kwa mara ya kwanza kwenda Guangzhou kufuata mzigo, pamoja na wenzangu wawili wa Kariakoo. Kwenye kiti nilikuta blanketi jepesi la bluu ndani ya mfuko wa nailoni, mto mdogo, hedifoni, na kipochi chenye soksi, mswaki, dawa ya meno na kile kitambaa cha kuziba macho. Mwenzangu aliyeizoea njia akaniambia, "Hivyo vyote umeshavilipia kwenye tiketi, beba." Nikabeba vyote, nikaacha mto tu kwa sababu begi lilijaa.*

*Nyumbani soksi nikampa mume wangu, kipochi nikampa binti yangu, na blanketi nikampelekea mama mkwe kama zawadi ya safari. Alifurahi sana, akawa analitandika kwenye kiti chake cha barazani. Siku za sikukuu wifi yangu akaja kutoka Dar. Yeye anafanya usafi wa ndani ya ndege pale uwanja wa Julius Nyerere. Alilishika blanketi, akaipindua pembe, akaona kitambaa kilichoshonwa jina la shirika, akasema mbele ya wageni: "Mama, hili limeibwa." Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe hakusema neno, ila blanketi sasa halipo kitini.*

*Je, kweli niliiba? Na nifanyeje? Hata zile hedifoni zina vichomeo viwili, haziingii kwenye simu yoyote. Mbona wanatupa kitu kibovu?*

*Mfanyabiashara, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ile aibu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana miaka 17 niliyovaa sare ya mhudumu wa ndege niliwaona akina mama kama wewe wengi sana, wanashuka na blanketi kwapani na nyuso zimejaa furaha, na mimi nimesimama mlangoni sijui niseme nini. Wengi wetu tulinyamaza. Leo niseme.

Kipochi ni chako. Soksi, mswaki, dawa ya meno, kitambaa cha macho, na hata kile kipamba cha kuziba masikio, vyote vilifungwa viguse mwili wa mtu mmoja tu, na mtu huyo ni wewe. Hata ungeviacha umeshavifungua, vingetupwa. Mumeo avae soksi zake bila wasiwasi, na binti yako aendelee kutia kalamu kwenye kipochi.

Blanketi si lako. Najua kilichokuchanganya ni ule mfuko wa nailoni. Kitu kikiwa kimefungwa tunakiona kipya, na kitu kipya ukikikuta kwenye kiti chako unadhani umepewa. Mfuko ule maana yake ni kwamba blanketi limefuliwa. Ndege ikitua na abiria mkashuka, wanaingia watu wa usafi na magunia makubwa. Wanapita mstari kwa mstari, wanakusanya mablanketi mifukoni mwa viti, sakafuni, mengine yamemwagikiwa juisi. Yanakwenda kwa dobi, yanafuliwa, yanakunjwa, yanafungwa tena kwenye nailoni, yanarudi kwenye ndege nyingine. Blanketi ulilojifunika wewe lilishafunika watu wengi kabla yako, na lilikuwa bado lina safari mbele yake.

Hedifoni nazo si mbovu. Vile vichomeo viwili vinaingia kwenye tundu la kiti cha ndege na karibu hakuna mahali pengine, na hiyo ni sababu mojawapo ya mashirika mengi kuzipenda. Zinakusanywa, zinasafishwa, sponji za masikio zinabadilishwa. Yapo mashirika mengine yanayogawa vile visikilizio vidogo vya kichomeo kimoja, vya bei ndogo, na hivyo aghalabu unaruhusiwa kuondoka navyo. Tofauti utaijua kwa kuuliza.

Sasa hilo neno la mwenzako, kwamba umeshalipia kwenye tiketi. Naomba tulikate kabisa, maana ndilo linalowaponza watu. Morogoro mna vikundi vya akina mama vyenye masufuria na sahani za shughuli. Mtu akiwa na harusi anakodi, wageni wanakula. Pilau uliyopakuliwa ni yako, hata ukimfungia mtoto wako mkono mmoja nyumbani hakuna atakayekuuliza. Lakini usiku shughuli ikiisha, akina mama wanakaa chini wanahesabu: sahani mia mbili, vijiko mia mbili. Kijiko kikipungua hakuna anayesema "mgeni alishachanga." Kwenye tiketi umelipia kulala na blanketi usiku ule, kama unavyolipia shuka la gesti. Sabuni ndogo ya gesti unaondoka nayo, shuka unaliacha kitandani.

Kuna usiku mmoja siusahau. Tulikuwa safari ya saa tisa angani, na mablanketi tuliyopakiziwa yalikuwa pungufu. Tulipouliza tukaambiwa yaliyorudi kwa dobi ndiyo hayo. Katikati ya usiku taa zimezimwa, mama mmoja mstari wa nyuma akabonyeza kengele. Amempakata mtoto wa kiume wa miaka kama minne, homa imempanda, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikafungua makabati ya juu yote, nikapiga magoti kuangalia chini ya viti vitupu, nikaenda mbele kwa wakubwa wa daraja la biashara kuomba. Nikapata moja. Mtoto akawa bado anatetemeka. Nikavua koti la sare nikamzungushia miguuni, nikafanya kazi na shati mpaka tunatua, na kiongozi wangu wa zamu akanikemea kwa kutokuvaa sare kamili. Sikujali. Nilichokuwa nakiwaza ni yale mablanketi yaliyokuwa yanapungua kila safari, moja kwapani mwa huyu, moja ndani ya begi la yule, kila mmoja akijua moyoni kuwa blanketi moja haliwezi kumdhuru mtu.

Na sasa nikuambie kuhusu wifi yako, kwa sababu naona umemkasirikia. Alikosea mahali. Jambo lile lilikuwa la kukuita chumbani, mkaongea wawili. Kumvunjia mtu heshima mbele ya wageni wa mama yake si adabu, na mkikaa mwambie. Lakini jaribu kusimama alipo. Vitu vikipotea ndani ya ndege, abiria wameshatawanyika, kila mtu yuko kwake. Wanaobaki ni wahudumu na watu wa usafi. Mahali nilipofanya kazi, wasichana wa usafi walikuwa wakipekuliwa mabegi getini wakitoka zamu, siku nyingine wakivuliwa hadi mitandio, kwa ajili ya mablanketi na hedifoni ambazo sisi tuliona kwa macho yetu zikishuka na abiria. Mmoja alisimamishwa kazi wiki mbili. Sijui kama wifi yako amewahi kupekuliwa. Ila mtu aliyepitia hayo akiliona blanketi la shirika kwenye kiti cha mama yake mzazi, sishangai likimtoka neno kali.

Kuhusu neno lenyewe, wizi: hukwenda kwa nia ya kuiba, ulidanganyika. Kitu chenyewe hata hivyo kina mwenyewe, na sasa umeshajua. Kwa hiyo nakushauri hivi. Mwambie mumeo kwanza, yeye akusindikize kwa mama yake. Usimpelekee mama mkwe maelezo marefu; mwambie ulidhani umepewa, kumbe uliazimwa, na umekuja kulichukua ulirudishe. Siku hiyohiyo uwe umemnunulia lake, zito na zuri kuliko lile, ulikabidhi kwa mikono miwili. Lile la ndege lifue. Safari yako ijayo ya kufuata mzigo, kama ni shirika lilelile, beba ndani ya mfuko, na ukifika mlangoni mpe mhudumu. Sema tu, "Hili nilishuka nalo mara iliyopita, nilidhani ni langu." Hedifoni ziwe humohumo. Mimi niliwahi kurudishiwa hivyo mara moja tu katika miaka yote 17, na mzee mmoja aliyevaa balaghashia. Nilimpeleka mwenyewe mpaka kwenye kiti chake, na chai yake ilikuwa ya kwanza.

Halafu na huyo mwenzako wa Kariakoo, mwambie kitu kimoja kwa niaba yangu. Kama "beba vyote" yake inafika mpaka kwenye lile jaketi la kuokolea maisha chini ya kiti, aache. Wapo wanaolichukua wakidhani litawafaa kwenye mashua. Kabla ya abiria kuingia tulikuwa tunapitisha mkono chini ya viti, kimoja baada ya kingine, na kila ulipokuta patupu ilibidi litafutwe la akiba, au kiti kifungwe mtu asikae. Na kama mkono ulipapasa vibaya siku hiyo, kuna mtu ameruka juu ya bahari hana kitu chini yake. Ile kadi ya maelekezo ya usalama iliyo mfukoni mwa kiti nayo iachwe hapo, hata kama watoto wanapenda picha zake.

*Shangazi, asalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi ya upakiaji meli. Ofisi ilinipeleka Rotterdam kwa mafunzo na safari ya kurudi, Amsterdam hadi Nairobi, nikawekwa daraja la biashara la KLM, shirika la ndege la Uholanzi, kwa mara ya kwanza. Karibu na kutua wakapitisha trei ya vijumba vidogo vya kaure nikachukua kimoja. Jirani yangu Mzungu alishuka akaacha kijibegi chake cha vifaa tulivyogawiwa safarini, hata hajakifungua. Nilikitamani kwa ajili ya dada yangu, nikakiacha. Je, ningekichukua ningekosea? Na kile kijumba, nataka kumpa baba.*

*Abiria wa Mvita*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kijibegi cha jirani: ungemuuliza mwenyewe kabla hajasimama, "Hiki hukihitaji?" Watu hufurahi kuulizwa. Akishaondoka, muulize mhudumu. Mara nyingi nilijibu "chukua," na mara nyingine tulikuwa tunatakiwa kuvirudisha vilivyofungwa, tukasema hapana. Ulichofanya, kukiacha, hakina lawama. Kwa dada yako ungeweza pia kumwambia mhudumu mwishoni kabisa mwa safari, kazi zikiwa zimepungua, kama kuna cha ziada. Maneno matatu ya adabu yalinifanya nirudi jikoni mwa ndege kutazama kwenye droo. Aliyekuja jikoni mwenyewe na kuanza kufungua droo alinikuta na uso mwingine. Na zile chupa ndogondogo za losheni ndani ya kijibegi hazikusumbui kwenye ukaguzi ukiunganisha ndege, ziko chini ya mililita 100, kiwango ambacho viwanja vingi vya ndege vimekuwa nacho tangu 2006.

Kijumba ni zawadi halisi, umepewa mkononi. KLM wanawapa abiria wa daraja hilo kwenye safari ndefu tangu 1952, na kila tarehe 7 Oktoba, siku shirika lilipozaliwa mwaka 1919, hutoka kipya kimoja, ndiyo maana cha mwaka 2019 kilikuwa namba 100. Watu wanavikusanya maisha yao yote. Kimoja kwa safari, chagua usichonacho, basi. Lakini kabla hujampa baba, tikisa. Ndani huwa mna jenever, pombe kali ya Kiholanzi, na kizibo chake kiko juu karibu na bomba la moshi. Nimemwona kijana akimkabidhi babu yake hajji kijumba kimejaa, na mimi sikumwahi. Kimwage, kioshe kwa maji ya moto mara kadhaa, kikauke. Ukiona bado roho haijatulia, baki nacho wewe, na baba mnunulie kingine.

Ukipata safari ya Virgin Atlantic siku moja, utaona vile vikopo vyao vidogo vya chumvi na pilipili vyenye umbo la ndege, vinavyoitwa Wilbur na Orville kwa majina ya ndugu wawili wa Wright, wale waliorusha ndege ya kwanza. Abiria walivichukua sana, mpaka shirika likaandika chini ya miguu ya vikopo hivyo, kwa Kiingereza, kwamba kimedokolewa Virgin Atlantic. Wao waliamua kulipokea hivyo. Usilichukulie kuwa ruhusa kwenye ndege nyingine.

*Shangazi, naenda kusoma New Zealand. Nikibakiza tufaha au mkate wa kwenye ndege, naweza kushuka nao nile hosteli? Ni chakula changu nilichopewa.*

*Mwanafunzi, Mtwara*

Ni chako mpaka mlango wa ndege unapofunguliwa. Tufaha lile, mwanangu, kula kabla ya kutua au liache kwenye trei. Pale wana faini ya papo hapo ya dola 400 za kwao kwa chakula ambacho hukukitaja, na tunda la ndege linahesabiwa sawa na tunda la shambani. Mkate umalizie humohumo. Na zile korosho ambazo najua mama yako ameshakukaangia, ziandike kwenye fomu ya kuingilia na umwonyeshe afisa mwenyewe, mfuko ukiwa umefungwa na uko juu ya begi, si chini ya nguo.