Uliza Mwendesha Projekta: Trela na Mabango kwa Majumba ya Mzunguko wa Pili

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wenye majumba madogo, yale yanayopata filamu baada ya majumba makubwa kumalizana nayo. Nimefanya kazi katika jumba la namna hiyo kwa miaka mingi, kwanza nikibeba makopo ya mkanda, sasa nikibeba diski. Haya mambo nayapenda, kwa hiyo mtanisamehe nikirefusha.

SWALI: Naendesha jumba la viti 90. Filamu hunifikia wiki ya nane au ya kumi tangu ifunguliwe. Msambazaji hunitumia filamu yenyewe bila shida, lakini trela sijaletewa hata moja. Mpwa wangu anashauri tuzipakue YouTube na kuunganisha kompyuta kwenye projekta. Tufanye hivyo?

JIBU: Ndugu yangu, msifanye hivyo. Sababu nitakueleza, ila kwanza tuzungumzie zinakopatikana, maana hapo ndipo palipokukwamisha.

Jumba linalofungua filamu siku ya kwanza halihangaiki na trela. Zinalijia zenyewe, kwa diski, kwa setilaiti au kwa intaneti, na mara nyingi zinakuja na maelekezo kwamba trela hii itangulie filamu ile. Msambazaji anazisukuma kwa kuwa bado ana kampeni mkononi. Zamu yetu inapofika kampeni imekwisha, na jina lako halimo kwenye orodha ya kutumiwa chochote. Lakini faili zipo bado, katika idara ya matangazo ya msambazaji yuleyule, zinangoja mtu aziombe. Mimi kila ninapoandika kuthibitisha tarehe ya filamu, mstari wa mwisho wa barua ni uleule: "Tafadhali nitumieni trela kwa DCP na bango moja, wiki tatu kabla ya onyesho la kwanza." DCP ni folda ya faili za sinema inayosomwa na seva, yaani kompyuta inayochezesha filamu kwenye projekta. Ukiomba baada ya kuthibitisha, ombi lako linapelekwa dawati jingine na linalala huko. Ukiomba katika barua ileile ya tarehe, anayelisoma ni mtu anayekula asilimia ya tiketi zako, na atalifuatilia.

Njia ya pili ni jumba kubwa lililo jirani. Filamu yenyewe huja imefungwa, na ufunguo wake unafanya kazi kwenye seva yako tu, kwa siku ulizokubaliana tu. Trela kwa kawaida haifungwi. Aliye nayo anaweza kukunakilia, mradi msambazaji ameridhia, na katika miaka yangu msambazaji niliyemwomba ridhaa hiyo hajawahi kuninyima. Nenda na diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa faili wa Linux, ext2 au ext3, kwa sababu hiyo ndiyo seva za sinema zilizozoea. Nakili folda nzima kama ilivyo. Hili la folda nalisisitiza kwa kuwa liliwahi kuniumiza: nilipata trela sita zenye majina marefu yasiyosomeka, nikaona nizipe faili majina mafupi ili nizitambue kwa haraka. Seva ilizikataa zote sita. Ndani ya kila DCP mna faili ya orodha inayotaja kila kipande kwa jina lake kamili. Ukibadilisha jina moja, orodha na vipande havikubaliani tena, na seva inaona mzigo una kasoro. Ilikuwa saa moja kabla ya onyesho, na siku hiyo tulianza bila trela.

Jina refu lenyewe lina faida kubwa ukijua kulisoma. TLR maana yake trela, na namba inayofuata ni toleo lake. F ni picha ya upana wa 1.85 kwa 1, S ni ile pana zaidi ya 2.39 kwa 1. Kisha huja lugha ya sauti na ya manukuu, halafu 51 au 71 (yaani 5.1 au 7.1) kwa mpangilio wa spika, halafu 2K au 4K kwa ukali wa picha. Kama mapazia ya pembeni mwa skrini yako unayavuta kwa mkono, omba trela za umbo linalolingana na filamu ya usiku ule. Watazamaji wakiona picha ikibadilika umbo mara tatu ndani ya dakika sita, wanageuka kutazama chumba cha projekta.

Sasa YouTube. Kwanza ruhusa: video iko pale ili itazamwe palepale, si ili iuziwe tiketi mbele ya watu 90. Pili picha imebanwa kwa ajili ya intaneti. Kwenye simu huoni kitu, lakini kwenye skrini ya mita sita, penye giza au moshi, vinatokea vijumba vya mraba vinavyochezacheza. Sauti nayo ni ya njia mbili, hivyo mazungumzo ambayo yangetoka spika ya katikati yanatawanyika pembeni. Mtazamaji hatasema "hii ni faili mbovu." Atasema projekta yenu imezeeka, na ataichukulia hivyo hata filamu yenyewe itakapoanza.

SWALI: Kwa nini trela zangu zinapiga kelele kuliko filamu? Wazee wanalalamika.

JIBU: Kwa sababu zimetengenezwa hivyo. Marekani malalamiko yalizidi mpaka watu wa sinema wenyewe wakakubaliana kikomo, desibeli 85 kwa kipimo cha wastani wa sauti kinachoitwa Leq(m), na bado ukiwa umekaa utaona zina nguvu. Kwenye kichakata sauti, kile kifaa kinachoongoza sauti ya ukumbi, namba ya kawaida ya filamu ni 7. Wengi wetu tunateremsha hadi 5 wakati wa trela, na hapo hakuna kosa. Kosa ni kusahau kurudisha. Filamu inaanza, watu wawili wanazungumza chumbani, na ukumbi mzima unainama mbele kusikiliza. Kama seva yako inaweza kuamuru kichakata, weka amri ya sauti kwenye orodha ya onyesho. Kama haiwezi, fanya kama mimi: chini ya kitufe changu nimebandika kipande cha selotepu nyeupe chenye namba mbili, ya trela na ya filamu, na kialama cha wino pale filamu inapoanza.

SWALI: Kuna haja gani ya kuonyesha trela ya filamu ambayo kila mtu ameshaiona kwenye simu mara ishirini? Sisi ni wa mwisho kuipata. Naona tunapoteza muda wa watu.

JIBU: Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja, na jibu lake limebadilisha namna ninavyofanya kazi nzima.

Ni kweli wameshaiona trela. Filamu hawajaiona. Fikiria nani anakaa kwenye viti vyetu: mtu aliyetaka kwenda wiki ya kwanza, mtoto akaugua, aliyehesabu tiketi za watu watano akaona haiwezekani, anayefanya kazi za usiku. Huyu ameshajiambia kwamba filamu ile imempita. Ukimwonyesha trela, humfundishi filamu inahusu nini. Unampa habari moja asiyokuwa nayo: bado hujachelewa, inakuja hapa, Ijumaa hii. Kwa hiyo katika jumba la mzunguko wa pili tarehe ndiyo tangazo, picha inaisindikiza tu.

Ndiyo maana kila trela yangu hufuatwa na kadi ya sekunde saba, maandishi meupe kwenye weusi, yenye siku, saa na neno "hapa". Naitengeneza kwa DCP-o-matic, programu ya bure, picha moja tu isiyo na sauti. Sekunde saba zinatosha mtu asome mara mbili na kumgusa aliye pembeni yake.

Na hapa pana mtego ambao majumba makubwa hayaujui. Trela nyingi huishia na tarehe ya ufunguzi wa kwanza, au na maneno kwamba filamu inakuja mwezi fulani. Sisi tunapoionyesha, mwezi ule umeshapita. Niliwahi kuonyesha mwezi wa nane trela iliyoishia na tarehe ya mwezi wa sita, na mama mmoja akaja dirishani kuuliza kama ni ya mwaka ujao. Tangu hapo naomba toleo lisilo na tarehe. Mara nyingi lipo, kwa kuwa wasambazaji huandaa trela kwa nchi zinazofungua siku tofauti. Kama halipo, kadi yangu inakuja mara tu baada ya ile tarehe ya zamani, bila hata nusu sekunde ya weusi katikati.

Kanuni yangu nyingine niliipata kwa uchungu. Kulikuwa na filamu ya watoto tuliyoahidiwa kwa mdomo. Nikaionyesha trela wiki tatu mfululizo. Msambazaji akaamua kuiongezea muda kwenye majumba makubwa, na sisi tukasogezwa mbele, kisha tukasogezwa tena. Babu mmoja alikuja na mjukuu wake Ijumaa ya kwanza, akarudi ya pili. Mara ya pili yule mtoto alikuwa amevaa kofia ya mhusika wa filamu ile. Nilitoka mwenyewe kumweleza, na sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumwomba radhi. Leo trela haiingii kwenye orodha yangu mpaka niwe na tarehe kwa maandishi.

Kuhusu muda wa watu unaoutaja, uko sahihi kuujali. Chama cha wenye majumba ya sinema cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba trela isizidi dakika 2, na nyingi bado zinafika dakika 2 na nusu. Mimi sizidishi tatu kwa onyesho, na zote ni za filamu zitakazofika kwetu. Kabla ya filamu ya watoto tazama trela nzima wewe mwenyewe kwanza. Usitegemee jina.

SWALI: Tunapokea mabango yaliyotumika, yana matundu, na mengine hayaingii kwenye fremu. Je, tuchapishe yetu wenyewe kutoka picha za mtandaoni?

JIBU: Anza na kipimo. Bango la sinema la Marekani siku hizi ni inchi 27 kwa 40. La zamani zaidi lilikuwa inchi 27 kwa 41, na ile inchi moja ndiyo inayokupinda bango kwenye fremu. La Uingereza limelala, upana inchi 40 na urefu 30. La Ufaransa kubwa ni sentimita 120 kwa 160. Pima fremu yako, kisha omba kwa kipimo.

Ukiwa na fremu yenye taa kwa nyuma, geuza bango uangalie mgongo. Lililochapwa pande mbili lina picha ileile nyuma, imegeuzwa kama kwenye kioo na imefifia kidogo, ili taa ikipenya rangi zisipauke. La upande mmoja ukiliweka mbele ya taa, uso wa mwigizaji unageuka wa kijivu. Hilo liweke kwenye ukuta wa kawaida.

Mabango yaliyotumika mimi nayapokea kwa mikono miwili. Msambazaji akisema yamekwisha, naliomba jumba lililotutangulia lisitupe lake. Matundu ya pini kwenye kona yanaonyesha lilikopita: seti nne za matundu, majumba manne. Wiki iliyopita nilifungua moja likiwa na ukanda wa karatasi wenye tarehe ya onyesho uliobandikwa juu ya ukanda mwingine. Nililaza bango kifudifudi, nikapitisha hewa ya vuguvugu ya mashine ya kukausha nywele nyuma ya ukanda, nikauvuta taratibu kwa pembe kuelekea ukingoni. Ulitoka wote, na wino wa chini ulibaki mzima. Ukanda wako mwenyewe usiupake gundi. Ushike kwenye fremu kwa klipu, mbele ya bango, chini, pale palipo na tarehe ya ufunguzi wa zamani. Maandishi yawe makubwa kiasi cha kusomwa na mtu asiyesimama.

Kuchapisha inaruhusiwa pale msambazaji anapokupa faili ya kuchapisha na kukubali. Wengi wanakubali, kwa kuwa ni nafuu kwao kuliko kutuma bango ndani ya mrija. Picha ya kuokota mtandaoni haina ruhusa, na ukiikuza hadi inchi 40 majina ya waliotengeneza filamu, yale ya chini ya bango, yanakuwa ukungu. Usikate wala kufunika majina hayo; mpangilio wake umo kwenye mikataba ya waliotengeneza filamu.

SWALI: Nina mabango mawili ya kale yaliyokunjwa. Kona ya chini yana namba yenye mkwaju katikati, na moja lina herufi R mbele ya namba. Maana yake nini? Naweza kuyanyoosha?

JIBU: Umebarikiwa. Hizo ni namba za National Screen Service, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1920 ikisambaza trela, na kuanzia 1940 ikashika pia mabango ya studio nyingi kubwa. Tarakimu mbili za kabla ya mkwaju ni mwaka. Zinazofuata ni namba ya filamu ndani ya mwaka huo. R ni filamu iliyorudishwa sokoni, kwa hiyo mwaka unaousoma ni wa kurudishwa, si wa kutoka mara ya kwanza. Soma pia mstari mdogo wa chini: unasema bango ni mali ya kampuni, limetolewa kwa maonyesho ya filamu ile tu, na lirudishwe mara yakiisha. Majumba kama yetu yalikodi, yakarudisha, na bango likaenda kwa jumba la baada yetu.

Mikunjo si uharibifu. Hadi miaka ya 1980 mabango yalikunjwa kabla ya kutumwa. Usiyapige pasi, na usiweke selotepu nyuma ya mpasuko, maana gundi yake itageuka kahawia na kupenya mbele. Yalaze bapa kati ya karatasi zisizo na asidi, mbali na jua. Ukitaka kunyoosha kabisa, mpelekee mtu anayehifadhi karatasi za kale, na kabla hajaanza mwulize kama gundi atakayoyabandikia kitambaa nyuma inatoka kwa maji. Akisema haitoki, rudi nayo nyumbani.