Barua kwa mwanangu: zile kilo 21 zilimsaidia nani?

Mwanangu,

Ile stori uliyonitumia nimeisoma na nikairudia, hiyo "Harrison Bergeron" ya Kurt Vonnegut, na nimeshangaa kuona ilitoka 1961, mwaka ule ule sisi tunapata uhuru, maana inasomeka kama imeandikwa juzi. Umeniuliza kitu kimoja tu, huyu mzee anapinga usawa au hapingi, kwa sababu mwalimu mwenzako hapo ofisini kwenu kasema hii stori ndo ushahidi kwamba usawa ni ujinga na enzi za ujamaa zilikuwa hivyo hivyo, na wewe unataka kuifundisha fomu faivu ila unaogopa watoto watatoka na hilo kichwani. Ntakujibu, ila niache kwanza niseme kuhusu George.

Huyo baba mtu ndo kaninyima usingizi. Mtoto wake Harrison sawa, ana miaka 14, anavamia kwenye tivii anajitangaza mfalme, anararua minyororo, anacheza na yule binti mpaka wanaruka wanabusu dari, halafu anaingia yule mama wa serikali, Diana Moon Glampers, na bunduki ya mitutu miwili anawaua wote wawili, hiyo ndo sehemu wanafunzi wako wataipenda. Lakini George kakaa kwake anaangalia tivii tu. Ana akili kupita wengi, na stori iko mwaka 2081, serikali inalazimisha watu wote wawe sawa, kwa hiyo imemwekea karedio sikioni, kila baada ya sekunde 20 hivi kanampigia kelele, mara king'ora, mara magari yanagongana, ili asimalize wazo lolote. Na shingoni kafungiwa kwa kufuli mfuko wa marisawa, zile risasi ndogo ndogo za kuwindia ndege, kama kilo 21. Mke wake Hazel anamwonea huruma, anamwambia si upunguze chache tu ukirudi kazini, hapa nyumbani hushindani na mtu. George anakataa. Kwanza kila risasi moja anayotoa ni jela miaka 2 na faini dola 2,000, halafu anasema akianza yeye na wengine wataanza na watu watarudi kushindana kama zamani. Yaani anautetea mfuko unaomvunja shingo! Hapo niliiweka simu pembeni.

Sasa niambie, zile kilo 21 zinamsaidia nini Hazel? Yeye hakubebeshwa chochote kwa sababu akili yake ni ya kawaida, na mumewe kubebeshwa hakukumwongezea hata chembe. Anaona mtoto wake anauawa kwenye tivii, analia, machozi hayajakauka kashasahau alikuwa analilia nini. Msimamo wangu unaujua, nyumba nzima mmeusikia mpaka basi, aliye chini apandishwe, siyo aliye juu ashushwe. Kwenye stori hii sioni hata mmoja aliyepandishwa. Wanampokonya mtu alichonacho halafu wanakitupa, hakuna wanayempa.

Na mwandishi mwenyewe nadhani aliliona hivyo. Mwaka 2005 kule Kansas, Marekani, kulikuwa na kesi ya hela za shule, mawakili wa wazazi wa eneo lenye uwezo wakaitumia stori hii kudai kwamba kuwawekea kikomo cha kuchangia shule zao ni sawa na kuwafunga mifuko ya marisawa. Vonnegut alikuwa bado yuko hai, mzee kabisa, akasema wameisoma vibaya, yeye aliandika kuhusu akili na vipaji, na kuwa na hela siyo uthibitisho kwamba mtu ana kimojawapo. Mwambie mwenzako hilo.

Ila hiyo habari ya Kansas ndo imenitonesha, kwa sababu imenirudisha kwa mjomba wako.

Kwamba hakwenda sekondari mnajua, lakini sidhani kama kuna aliyewahi kuwaambia ilikuwaje, maana yeye halisemi na bibi yako halisemi. Alimaliza la saba 1981. Kijiji kizima kilijua huyu ndo namba moja, walimu walikuwa wanampa hesabu za wenzake asahihishe. Babu yako akashaenda Kiboriloni kununua sanduku, lile la bati la kijani, halikuwa jipya, akalipaka rangi mwenyewe na kuandika jina la mjomba wako kwa rangi nyeupe, herufi za mwisho zikabanana kwa sababu nafasi ilimwishia. Ndo hilo hilo bibi anawekea mablanketi, ulivute kutoka ukutani utaliona jina. Majina ya waliochaguliwa yakaja, hayumo.

Ndo watu wakaanza kuelezana kwamba nafasi za fomu wani zinagawiwa kwa mikoa. Sisi Kilimanjaro na wenzetu wa Kagera watoto waliofaulu walikuwa wengi na nafasi zetu chache, kwa hiyo mtoto wa mkoa mwingine mwenye alama chini ya zake anakwenda na yeye anabaki. Alimuuliza babu mbele yetu sote, "Baba, kwa hiyo ningezaliwa Lindi ningechaguliwa?" Babu akanyamaza. Wazazi wa mlimani na makanisa walikuwa wanajenga sekondari zao kwa michango, ila ada ilikuwa ada na sisi tulikuwa wengi, mjomba akaenda kujifunza ufundi. Leo anasimama mbele ya mashine ya kusaga, anasikiliza tu, anakwambia beringi ipi imekufa kabla hajashika spana. Kila nikimwona anafanya vile naumia upya, na miaka yote hii.

Mwaka uliofuata nikachaguliwa mimi. Nilipita kwa nafasi za wasichana, na alama zangu hazikufika za kaka yangu, hilo sijawahi kulisema mezani.

Sasa msimamo wangu hapo unasimama wapi? Maana mjomba wako alishushwa ili mwingine apande, huwezi kulizunguka hilo. Lakini kule juu tulifikaje? Wamisheni walianza mapema kwetu, wakajenga shule, kahawa ikalipa ada tangu enzi za babu zetu, sisi tulikuwa tunatoka nyumbani kengele inalia na tunafika. Nilipoenda chuo cha ualimu kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha msichana wa Nachingwea, siku moja akanitajia alama zake za la saba bila wasiwasi wowote, alama ambazo mlimani zisingemfikisha popote, na mimi hasira zikanipanda mpaka nikashindwa kula siku ile. Darasani kwao wakati mwingine mwalimu alikuwa mmoja kwa madarasa mawili. Na ndo huyo huyo aliyekuwa ananielewesha aljebra usiku kwa mwanga wa koroboi wakati mimi wa mlimani sielewi kitu. Ni mama mdogo wenu, ndo huyo. Kasomesha watoto kwao Nachingwea mpaka kastaafu.

Kwa hiyo ile nafasi haikutupwa, ilimfikia mtu, na mtu mwenyewe mnampenda wote. Ndo maana nakataa kabisa mwenzako akisema ujamaa na hiyo stori ni kitu kimoja. Halafu hapo hapo najiuliza, kwani nani kasema nafasi lazima ziwe chache vile? Si wangejenga shule zaidi, wakaenda wote wawili? Halafu najijibu tena, wajenge na nini, nchi ndo kwanza imetoka vitani na Amin, hata sabuni ilikuwa shida. Halafu namkumbuka mjomba wako na lile swali lake, na majibu yangu yote yanakwisha.

We ifundishe tu. Watoto wa siku hizi wana karedio kao mkononi, kanapiga kila sekunde na wamekanunua kwa hela zao, watamwelewa George kuliko sisi. Waanzie kwa Hazel, waulize kapata nini, na uwaache wabishane usiwakimbizie jibu.

Kuhusu mjomba, najua utanipigia kuniuliza kama alidhulumiwa ndiyo au hapana. Neno ninalo, nimeliandika hapa nikalifuta, na nina hamu ya kulirudisha sasa hivi. Lakini mama mdogo anakuja Disemba na mjomba wako ndo atakwenda kumpokea stendi Moshi kama kila mwaka, kwa hiyo ntaliacha lilivyo.

Mama yako