Sista Tujibu: "Simu imejaa PDF, nisome ipi?"

Shikamoo sista. Mimi ni nesi, nipo kituo cha afya upande wa Ngaramtoni, Arusha. Nilipelekwa semina ya siku tano ya afya ya akili, kurudi tu bosi akasema basi kliniki ya akili ni yako kila Alhamisi. Grupu letu la WhatsApp la semina kila siku wanatupia PDF, kurasa mia nne, Kiingereza kigumu, bando linaisha na sijamaliza hata moja. Alhamisi ikifika bado nababaika. Nianze wapi? (Nesi wa Alhamisi)

Marahaba mdogo wangu, pole na hongera pia. Kwanza futa. Nasema kweli, kaa usiku mmoja ufute zote ambazo hujazifungua tangu semina, zinakuumiza roho tu. Bakiza mhGAP, ule mwongozo wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani (WHO), toleo la 2 la mwaka 2016, maana uliandikwa kwa ajili ya mtu kama wewe ambae si bingwa na yuko kituo cha chini. Na usianze ukurasa wa kwanza kama unajiandaa na mtihani wa chuo. Mimi navyofanya, nikitoka kliniki nachagua mgonjwa mmoja aliyenishinda siku hiyo, jioni nasoma sura yake tu, daftari pembeni. Amekuja wa kifafa nasoma kifafa, basi.

Nilijifunza hivyo kwa aibu. Nikiwa mgeni kazini nilimchoma kijana mmoja haloperidoli, alikuja anapiga kelele anagombana na watu asiowaona, akatulia vizuri tukampa vidonge akaenda nyumbani. Baada ya siku mbili wanamrudisha shingo imepinda inaangalia begani, macho yameganda juu, mama yake analia kwamba sasa jini ndo limepanda kabisa, na kumbe walishapitia kwenye maombi njiani kabla ya kuja kwetu. Na mimi nimesimama tu pale nimeshika faili. Ikabidi aje tabibu mmoja mzee, akamwangalia mara moja akasema hii imeletwa na dawa jamani, mleteeni Artane, ile dawa ya kuondoa ukakamavu huu. Mchana ule ule shingo ikarudi mahali pake. Yani kitu chenyewe kimeandikwa, kwamba haloperidoli siku za mwanzo inaweza kukakamaza misuli ghafla, hasa kwa vijana wa kiume! Usiku ule nilisoma ukurasa mmoja tu na sijausahau mpaka leo, wakati ya chuo nimeshasahau nusu. Sasa hivi mgonjwa hatoki kabla sijawaambia ndugu zake, shingo ikipinda au macho yakiganda msipitie kokote, njooni moja kwa moja.

Halafu angalia mwaka wa unachosoma, maana kwenye magrupu watu wanatumiana vitu vya zamani kama salamu za Idi. Chukua valproeti, zamani wenye kifafa tuliwapa bila kuuliza sana, lakini mwongozo wa WHO wa 2023 umesema wazi wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba wasipewe, inamharibu mtoto tumboni mpaka uti wa mgongo. Ukimkuta binti anaitumia usimkatishe ghafla hapo hapo, degedege zikirudi kwa nguvu utajuta, mpigie daktari mpange dawa ya kumbadilishia.

Na usidhani vyote vimetoka Ulaya. Pale Hai, unapopita na basi ukija Moshi, watafiti walizunguka vijiji 6 wakapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta kama 6 katika kila 100 wana ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, dimenshia. Kazi zilizofuata hapo hapo ndo zikatoa kipimo kinaitwa IDEA. Uzuri wake nini? Vipimo vingi vinamwambia mzee achore maumbo kwa kalamu, sasa bibi ambae hajawahi kushika kalamu maishani anafeli na akili yake nzima kabisa. Hiki kinatumia njiti za kiberiti, unapanga umbo, unazivuruga, na yeye anapanga vile vile. Nilimpima babu mmoja wa Machame, akapanga haraka kuliko mimi halafu akauliza kama nimemaliza nimrudishie kiberiti chake.

Majarida ya kulipia usihangaike nayo mwenyewe, ulizia kwenye maktaba ya chuo au hospitali kubwa iliyo karibu nawe kama wanatumia Hinari, mpango wa WHO wa tangu 2002 unaofungulia taasisi za nchi kama zetu majarida ya afya bure au kwa bei ndogo.

Sista, nipo Moshi. Nikimuuliza mgonjwa maswali ya PHQ-9, yale tisa ya kupima sonona, lile la 9 la kutamani kufa naliruka. Naona kama ntamtia wazo. (Mwoga)

Usiliruke tena. Kuuliza hakumtii mtu wazo, hili limeshaandikwa mara nyingi na mhGAP yenyewe inasema muulize. Tunazoea kuhesabu jumla, akifika 10 kati ya 27 ndo tunashtuka, lakini mtu anaweza kupata 8 na la 9 akajibu ndiyo, huyo usimwache aende. Ila usimsomee kama karani wa sensa. Mimi naweka kalamu chini nasema hivi, "mama, mtu akizidiwa na mawazo kuna wakati anaona bora asingekuwepo, wewe imeshakujia?" halafu nanyamaza. Kunyamaza ndo kugumu. Dada mmoja alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani hajasikia, akafungua kipochi akaniwekea mezani alichokuwa amekibeba. Tulikaa nae hadi saa tisa shangazi yake alipofika, huyo shangazi alimchagua mwenyewe.

Wengine wanaficha kwa sababu wanajua kujaribu kujiua ni kosa kisheria, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kwaiyo mwambie mapema kwamba umeuliza ili umtibu. Ongea na ndugu waondoe sumu za shambani na dawa ndani ya nyumba, na daktari ajue siku hiyo hiyo, sio kesho.

Wenzangu wanapiga picha faili la mgonjwa wanaweka kwenye grupu kuomba ushauri. Ni sawa? (Tabibu, Arusha)

Si sawa hata kidogo. Andika umri, dalili, dawa, dozi na siku ngapi, inatosha mtu kukushauri. Na kuficha jina peke yake hakusaidii, mwezi uliopita mtu kaandika "mwalimu mkuu mwanamke, shule flani ya Kiborloni, ameachika juzi", dakika mbili hazijapita kuna aliyejibu, "huyo si jirani yetu?"