Usikariri maana ya "run", kariri inatembea na nani

Mi nilikua najua "run" ni kukimbia, basi, na nilikua na uhakika nayo kabisa. Afu siku moja bosi akanitumia imeli kuhusu ripoti flani, kaandika "run it by the accountant first". Kichwani kwangu nikaona kukimbia, mhasibu, kwanza. Nikaiprinti mbio mbio, nikaenda kuibwaga mezani kwa mhasibu, huyoo nikaondoka zangu. Baada ya siku mbili bosi ananiuliza sa mhasibu kasemaje, namjibu hajasema kitu bosi, kaipokea tu. Aliniangalia saaana. Kumbe alitaka nimuoneshe mhasibu aipitie atoe maoni yake ndo tuendelee, hamna mtu aliyeambiwa akimbie popote.

Toka hapo nikawa nalifuatilia hili neno kama linanidai. Peter Gilliver, mhariri wa ile kamusi kubwa ya Oxford, alikaa na kitenzi hiki miezi 9 akakifikisha maana 645, na kabla yake bingwa alikua "set", ambayo toleo la 1989 liliipa 430. Kwaiyo kama linakuchanganya usijione mzito.

Sa ushauri wangu ndo huu, acha kuuliza "run" maana yake nini. Hebu jaribu kumweleza mtu anayejifunza Kiswahili kwamba piga ni kuchapa, afu asikie piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga magoti, piga kura, atakuuliza kwani hapo nani kapigwa? Sisi hatukukariri orodha, tulilipokea neno likiwa na mwenzake. Na "run" ifanye ivo ivo. "Run a company" ni kuendesha kampuni, "run for president" ni kugombea, "run out of time" muda umekuishia, pua iki-"run" ni kamasi, rangi ya nguo iki-"run" ni kuchuja, na mtu akikwambia "I'm running late" anaweza akawa bado yuko kwenye kochi, ye anakutaarifu tu kwamba atachelewa.

Ila pa kuwa makini zaidi ni vile vineno vidogo vinavyofuata. "I ran into my teacher" umekutana na mwalimu wako bila kutegemea, mkasalimiana vizuri tu. "I ran over my teacher" umemkanyaga na gari! Na usidhani ukishajua "into" umemaliza, maana "I ran into a wall" hukukutana na ukuta mkasalimiana, umeugonga.

Kuna wanaosema maana zote zinarudi kwenye mwendo. Kwa maji na mashine sawa, inasaidia, lakini "run a temperature" mtu ana homa kalala kitandani, mwendo uko wapi? Mi hiyo njia siiamini sana.

Nachofanya nina daftari, na siandiki neno peke yake, naandika sentensi nzima kama nilivyoikuta na pembeni naweka Kiswahili cha sentensi yote. Hata ukitumia programu ya kutafsiri ipe sentensi nzima, ukiipa neno moja itakupa kukimbia na mambo yataishia kama ya ripoti yangu. Yangu ya "run" imefika kurasa tatu saivi, na juzi tu nimekuta soksi ndefu ya kike ikifumuka mstari nayo wanaita "run", nikacheka, nikaandika.