Kasoma, kanyamaza

Swali: Anti shikamoo. Kuna rafiki yangu nikimtumia meseji WhatsApp naona kabisa tiki mbili za bluu, yuko onlaini, anaposti stetasi, ila kunijibu mpaka kesho yake. Ananidharau au?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hizo tiki za bluu zilikuja 2014 na tangu hapo watu hatulali, maana kabla yake ulikuwa hujui kama umesomwa, unatuma zako unaendelea na mambo mengine. Tiki inakwambia meseji imefunguliwa basi, haikwambii kama mtu yuko kazini, kachoka au bado anatafuta la kukujibu. Kuposti stetasi ni fasta, kukujibu wewe (na meseji zako nahisi ni ndefu kama treni, hii tu nimeikata nusu) kunataka utulivu. Unaweza kuzizima kwenye setingi, sehemu ya faragha, ila ukizima na wewe huoni za wenzako, na kwenye magrupu zinabaki vilevile, hata voisi noti ukisikiliza inaonekana tu. Jambo la haraka si umpigie! Akipita wiki hajibu wala simu hapokei, hapo sasa nuna.