Kabla ya Jasi, Tazama Ukoko wa Birika

Wewe unayeanza kupika bia nyumbani hapa London, fungua birika lako la chai. Ule ukoko mweupe ni kalsiamu kaboneti, na maana yake maji ya bomba yamejaa bikaboneti, chumvi inayopinga asidi. Kwangu ni takriban miligramu 250 kwa lita. Waliokulia pwani kwetu, kwenye visima vya mwamba wa matumbawe, wanaujua ukoko huo tangu utotoni.

Mimi sikuutazama. Bia zangu tatu za kwanza, za rangi ya dhahabu, zilitoka na ukakasi kama chai iliyosahaulika jikoni. Nilikuwa nimesoma kwamba maji ya Burton upon Trent, mji wa bia hapa Uingereza, yana salfeti nyingi na ndiyo yaliyozipa sifa bia za kule, basi nikatia jasi, yaani kalsiamu salfeti, kwa kijiko. Ukakasi ukabaki, uchungu ukazidi. Kumbe bikaboneti ndiyo iliyozuia pH kushuka (pH ni namba ya uchachu: ikishuka, uchachu huzidi), na pH ikiwa juu maganda ya shayiri huachia tanini, dutu zenye ukakasi, hasa unaposuuza nafaka kwa maji moto.

Kwa hiyo punguza bikaboneti kwanza. Mililita 1 ya asidi laktiki ya asilimia 88 katika lita 20 huondoa takriban miligramu 36 kwa lita. Kwa bia nyepesi mimi hutia mililita 4 au 5. Kisha changanya kimea na maji, subiri dakika 15, chota kidogo, kipoe kabisa ndipo upime pH. Unatafuta 5.2 hadi 5.6. Usitumbukize kifaa cha kupimia kwenye uji wa moto wa kimea: kitakudanganya, na kitakufa mapema.

Kama asidi inakutia hofu, anza na bia nyeusi. Nafaka iliyokaangwa ina asidi yake inayopambana na bikaboneti, ndiyo maana porter, bia nyeusi, ilistawi London hii hii karne ya 18. Wapishi wale walifuata ulimi tu. Skeli ya pH ilibuniwa 1909, na mkemia Sørensen, katika maabara ya Carlsberg kule Copenhagen.

Klorini ya maji ya bomba nayo usiidharau. Ikikutana na fenoli, kemikali za asili za kimea, bia hunuka dawa ya hospitali, na hapo hakuna tiba. Kuacha ndoo wazi usiku kucha hakutoshi, kwa sababu kloramini, klorini iliyoungana na amonia, haitoki kirahisi. Saga nusu kidonge cha Campden, kinachoua klorini na kloramini, koroga katika lita 30 za maji, dakika chache yamekwisha.

Jasi sasa ndiyo ije. Gramu 1 katika lita 20 huongeza takriban miligramu 28 za salfeti kwa lita. Kalsiamu hapa tayari inatosha, kwa hiyo sizidishi gramu 3, tena kwa bia ya hopsi nyingi pekee, yale maua yanayotia uchungu. Nunua mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Ile ya kupimia unga haitakufaa.